Vidonge vya enzaimu vitanisaidia kwenye mita 400?

Swali: Shikamoo dokta. Nakimbia mita 400, nikifika kama mita 300 hivi miguu inakuwa mizito kabisa, haitaki kunyanyuka. Jamaa mmoja gym ananiuzia vidonge vya enzaimu, anasema vinafanya msuli utumie nguvu bila kupoteza. Ninunue?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usinunue, hela hiyo kanunulie mayai na viazi. Enzaimu ni protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, ukimeza inameng'enywa tumboni kama kipande cha nyama tu, haifiki kwenye paja ikiwa nzima. Zile unazozihitaji msuli unazitengeneza wenyewe humo humo kwenye seli.

Angalia mbio yako ilivyo. Ukitoka tu pale mstarini, ATP (nguvu ya seli iliyo tayari kutumika) iliyomo kwenye msuli inatosha sekunde mbili tatu basi, hapo enzaimu inaitwa kriatini kinesi inachukua fosfati kwenye akiba ya kriatini fosfati inaipachika kwenye ADP (ATP iliyokwisha tumika), ATP inarudi palepale wala haisubiri oksijeni, ila ukifika sekunde ya kumi hivi akiba nayo imeshuka sana. Kwahiyo mzigo mkubwa unabebwa na enzaimu nyingine, fosforilesi, hii inanyofoa glukosi (sukari) mojamoja kutoka kwenye glaikojeni, akiba ya sukari ya msuli, na kila moja ikivunjwa harakaharaka bila oksijeni unapata ATP 3 tu, wakati ingefika mpaka kwenye mitokondria, sehemu ya seli inayochoma chakula kwa oksijeni, ungepata 30 na kitu. Yaani mwendo ule unaulipia ghali sana.

Alafu laktiki, ile inayobaki glukosi ikivunjwa bila oksijeni, inasingiziwa bure jamani kwamba ndiyo inachosha miguu. Inatengenezwa ili kazi ya kuvunja glukosi isikwame, na moyo unaichukua unaichoma kama chakula. Kinachokulemea mita 300 ni zaidi tindikali na fosfati zinavyojazana msulini.

Dawa ni mazoezi. 1967 huko Marekani mtafiti John Holloszy alikimbiza panya wiki kadhaa akakuta enzaimu za mitokondria kwenye misuli yao zimeongezeka kama mara mbili, na kwa binadamu nazo zinapanda. Ongeza mbio ndefu za taratibu mara mbili kwa wiki, na kabla ya shindano pasha mwili robo saa mpaka jasho litoke, maana msuli ukiwa wa moto enzaimu zinafanya kazi haraka zaidi.

Ila siku ukimaliza mazoezi mkojo ukatoka mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo wakupime kriatini kinesi kwenye damu, tafadhali usingoje kesho, msuli unakuwa umepasuka na figo zako ziko hatarini.