Mnara mwezini, au miraba ya JPEG?

Swali: Nimepakua picha ya zamani ya mwezi iliyopigwa na Lunar Orbiter. Nilipoikuza mara nne na kuisafisha kwa programu ya simu, ukajitokeza mnara wenye kivuli kirefu kando ya kasoko, na karibu yake kuta zinazokutana kwa pembe mraba. Ni majengo, ni kasoro ya picha, au kuna kitu kinafichwa?

Jibu: Shida imeanzia kwenye "nilipoikuza". Kukuza picha hakuongezi hata chembe ya habari. Ukikuza mara nne kila upande, pikseli moja (nukta ndogo inayounda picha) inakuwa 16, na zile 15 za ziada zimebuniwa na programu.

Tuanze na kuta. JPEG, aina ya faili ya picha iliyobanwa, hukata picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kubana kila mraba peke yake. Ukikuza mara nne, kila mraba unakuwa wa pikseli 32. Sasa pima. Kama kuta zako ziko sambamba na kingo za picha, na nafasi kati yake ni 32, 64 au 96, hiyo ni mishono ya miraba. (Au basi fundi wa huko mwezini alisubiri chombo kipite ndipo anyooshe ukuta wake kufuata ukingo wa picha.) Nakala iliyopunguzwa na kubanwa tena itatoa namba nyingine, ila mistari itajirudia kwa nafasi zilezile.

Mnara una mjadala zaidi. Vyombo vya Lunar Orbiter, 1966 hadi 1967, vilipiga picha kwa filamu. Filamu ilisafishwa humohumo chomboni kwa kugandamizwa na utepe uliolowa dawa, kisha ikasomwa kwa mwanga ukanda baada ya ukanda na kutumwa duniani kwa redio. Dawa isipogusa sawasawa, doa linabaki, na baadhi ya madoa hayo hufanana sana na nguzo. Lakini doa halina kivuli. Ukiona kivuli kinachoelekea upande mmoja na vivuli vya mawe jirani, hapo pana kitu kweli, na karibu kila mara ni jiwe. Jua likiwa nyuzi 2 tu juu ya upeo, jiwe la mita 10 hutupa kivuli cha mita 286 hivi kwenye ardhi tambarare. Ardhi ikiteremka, kivuli kinazidi kurefuka. Wengi hupima kivuli, wakasahau pembe ya jua, wakatangaza mnara.

Pa kuhakikishia ni picha za LRO, chombo kinachozunguka mwezi tangu 2009. Kamera yake ya karibu hufikia nusu mita kwa pikseli. Tafuta latitudo na longitudo ya mahali pako, chukua picha mbili, moja ya jua la asubuhi na moja ya jioni. Kitu kilichosimama kitageuza kivuli upande wa pili. Doa la filamu halitakuwepo kabisa.

Kuhusu kufichwa: picha hizo ziko wazi kwa yeyote. Ukungu unaoonyeshwa na wauza siri kwenye ramani huwa ni mshono wa picha zilizopigwa chini ya mwanga tofauti. Waulize namba ya fremu, yaani ya picha ya asili iliyopigwa na chombo, uone kama watajibu. Wanachokupa ni nakala ya nakala, imekuzwa, imekolezwa, ikazungushiwa duara jekundu. Siku hizi wameongeza programu za akili mnemba za "kurudisha ubora", na hizi ndizo mbaya kuliko zote: zimefunzwa kwa picha za duniani, kwa hiyo zikikuta pikseli zenye utata huchora kinachofanana na zilichofunzwa: madirisha, matofali, nyuso. Picha iliyopita humo haifai tena kupimwa kwa lolote, hata kama ya mwanzo ilikuwa safi.

Nitumie namba ya fremu na faili ya asili. Picha ya skrini sitaifungua.