Shangazi, nikubali posa ya mtu nisiyemjua?

Binti wa miaka 23, mwalimu wa shule ya awali huko Tanga, ameniandikia kwamba baba yake ameletewa posa na familia ambayo babu zao walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Mchumba ni kifungua mimba wa nyumba kubwa wanamoishi wazazi, bibi na ndugu kadhaa, na binti hajawahi kuzungumza naye. Juzi amemaliza kutazama Sweet 18, tamthilia ya Kikorea ya mwaka 2004 kuhusu msichana anayeozwa kwa ahadi ya babu, naye ananiuliza: "Ikiwa mapenzi yalimkuta yule msichana ndani ya ndoa, kwa nini yasinikute mimi?"

Binti yangu,

Asikucheke mtu kwa kuliokota swali lako kwenye tamthilia, kwa sababu ndoa za kupangwa zipo, nyingi zimedumu, na baadhi ya wanaozidharau hawajadumu katika zile walizojichagulia. Ninachohofia ni kwamba umeitazama hadithi hiyo ukiwa umekwisha kuamua la kuona. Yule msichana wa tamthilia, Yoon Jung-sook, hakusema ndiyo kwa sababu tu babu waliahidiana. Kwanza alikataa, tena kwa vishindo, na alilegea alipogundua kwamba huyo aliyeandaliwa, mwendesha mashtaka Kwon Hyuk-joon, ndiye mwanamume ambaye moyo wake ulikuwa umekwisha kumwangukia. Aliyeingia katika ndoa bila mapenzi alikuwa bwana harusi. Msichana yule alimwona, akamtaka, ndipo akakubali, ilhali wewe unataka kuruka hatua zote hizo na kufika kwenye kicheko cha mwisho. Kumbuka pia kwamba hadithi ya vichekesho vya mapenzi sharti iishie kwenye mapenzi. Hakuna mtunzi atakayekukalisha kwa sehemu 16 akuonyeshe watu wawili wanaoishi pamoja kama wapangaji.

Nyumba yenyewe ndiyo inayostahili kukufikirisha zaidi. Ukoo wa Kwon unaoonyeshwa ni wa Andong, mji wa Korea Kusini unaojulikana kwa kushika mila za Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa Kichina, na huko mke wa mrithi wa nyumba kuu ya ukoo haolewi na mume peke yake. Yeye ndiye anayetarajiwa kuandaa vyakula vya ibada za kuwakumbuka wazee waliotangulia, kuwapokea wageni wa ukoo wasiokwisha, na kusimama jikoni wakati wa sikukuu za Seollal (mwaka mpya) na Chuseok (mavuno) huku wanaume wakisujudu mbele ya meza aliyoipanga. Kwenye runinga tunacheka bibi harusi anapoharibu mapishi mbele ya wakubwa. Kwa wanawake wengi wa Korea kazi hiyo imekuwa chanzo cha ugomvi wa miaka, hata Seonggyungwan, taasisi inayolinda mafundisho ya Konfusio, ikatangaza mwezi wa Septemba 2022 kwamba meza ya Chuseok haihitaji vyakula vya kukaanga na inaweza kupunguzwa.

Tamthilia hiyo ilionyeshwa wakati sheria ya Korea bado ilimwandikisha kila mtu chini ya mkuu wa kaya, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamume, na binti akiolewa alihamishiwa katika daftari la upande wa mume. Mfumo huo ulifutwa kuanzia Januari 2008. Siku hizi Mkorea anayetafutiwa mchumba na wazazi au na mshenga wa kulipwa hukutana naye kwanza mahali pa wazi, mara nyingi mkahawani, wakahojiana kuhusu kazi na makazi, na yeyote kati yao anaweza kukataa bila nyumba kuporomoka. Ukiwaiga, basi iga hilo.

Wala huhitaji kwenda Korea kulitafuta. Umeniambia ninyi ni Waislamu. Dini yenu inamruhusu mchumba kuonana na mchumba wake mbele ya maharimu, na shehe atataka idhini yako kabla ya kufunga ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inataka ridhaa ya hiari ya pande zote mbili. Kwa hiyo usimjibu baba ndiyo wala hapana kwa sasa. Mwombe shangazi yako, dada yake baba, ambaye umeniandikia kuwa anasikilizwa, amfikishie kaka yake ombi la kukutana na kijana huyo nyumbani kwenu, wakubwa wakiwa barazani.

Siku hiyo usiipoteze kwa kuuliza anapenda rangi gani. Muulize mtaishi wapi, na kama ni katika nyumba ya wazazi wake, ni kwa muda gani na nani anampikia nani. Muulize kama utaendelea kufundisha, mshahara wako utakuwa wa nani, na bibi akiugua atauguzwa na wewe peke yako au na wote. Msikilize anavyojibu kuhusu mama yake, maana mwanamume asiyeweza kutamka "nitazungumza naye" leo, hatakutetea kesho ukiwa jikoni. Akikataa kuonana nawe kabisa, au wazee wake wakiona ombi lako ni utovu wa adabu, mwambie baba kwa heshima kwamba hujaridhia, na shangazi yako awepo unapolisema.