Re: Filamu za familia za Iran, nianze na ipi?

Mkuu, umeuliza uanze na ipi na kwa nini zinapendwa sana kwenye matamasha ya nje. Anza na A Separation ya Asghar Farhadi, bila kufikiria mara mbili. Mke anataka wahame nchi, mume hawezi kumwacha baba yake mgonjwa wa kusahau, binti yuko katikati. Anaajiriwa mama wa kumtunza mzee, ugomvi unatokea mlangoni, na kesi inafika mahakamani. Hakuna mbaya wala mwema. Kila mtu ana haki yake na ana uongo wake mdogo. Ilichukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, 2011, kisha Oscar 2012.

Kuhusu matamasha, waongozaji wengine huadhibiwa nyumbani kwa kupeleka filamu zao huko. Saeed Roustayi alipeleka Leila's Brothers kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, 2022, ndugu watano na baba yao wakigombania pesa, na mwaka uliofuata mahakama ya Tehran ikamhukumu kifungo kwa kuionyesha bila kibali.

Ukitaka ya kutazama na watoto, tafuta Children of Heaven ya Majid Majidi: kaka na dada wanapokezana jozi moja ya viatu kwenda shule. Andaa leso.