Hesabu Viti Kabla ya Mizinga

Baada ya miaka mingi katika kazi ya itifaki, gwaride la heshima na mizinga 21 havinitishi tena, kwa kuwa wanajeshi huyafanyia mazoezi mambo yao mpaka yakanyooka. Ninachokiogopa hadi leo ziara ya kiongozi wa nchi ya nje inapokaribia ni kiti, mlango au jalada ambalo kila ofisi inaamini kuwa limeshughulikiwa na ofisi nyingine.

Afisa anayekabidhiwa ziara kwa mara ya kwanza aanze kwa kuuliza ni ziara ya aina gani, kabla hajaandika hata mstari mmoja wa ratiba. Ziara ya kitaifa kwa kawaida huambatana na heshima zote, ikiwemo dhifa, ilhali ziara ya kikazi inaweza kumalizika kwa mazungumzo na chakula cha mchana. Makubaliano hayo yapitie ubalozini kwa maandishi, maana wageni wakishuka kwenye ndege wakitarajia mizinga na wenyeji hawakuiandaa, hapatakuwa na la kufanya.

Timu ya utangulizi, yaani maofisa wa upande wa mgeni wanaokuja kukagua kabla ya ziara, ikifika, msiikalishe ukumbini kutazama michoro. Itembezeni. Mimi hutembea nayo kutoka chini ya ngazi ya ndege hadi kwenye gari, na kutoka kwenye gari hadi chumba cha mazungumzo, nikiwa na saa mkononi, na kila tunaposimama nauliza nani atafungua mlango huu, nani ataingia na nani atabaki nje. Maswali hayo huonekana ya kitoto mpaka siku yenyewe. Masuala ya silaha za walinzi, masafa ya redio zao na kibali cha ndege kuruka na kutua yana mamlaka zake. Yapelekwe mapema, na afisa wa itifaki asiahidi lililo nje ya uwezo wake.

Kuhusu viti, mfano unaojulikana zaidi ni wa tarehe 6 Aprili 2021 mjini Ankara. Charles Michel, wakati huo Rais wa Baraza la Ulaya (baraza la viongozi wa nchi za Umoja wa Ulaya), na Ursula von der Leyen, Rais wa Kamisheni ya Ulaya, waliingia pamoja kuzungumza na Rais Recep Tayyip Erdoğan wakakuta viti viwili tu vimewekwa mbele ya bendera. Michel akakaa, mwenzake akabaki amesimama kwa muda, kisha akaketi kwenye sofa ya pembeni, na kamera zikanasa yote. Ofisi ya itifaki ya Baraza ilieleza baadaye kwamba haikupata nafasi ya kukikagua chumba hicho kabla ya mkutano. Kwa hiyo, ukinyimwa kukiona chumba, omba angalau mchoro wa viti wenye majina, na usikubali kujibiwa kwamba kila kitu kiko sawa.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa mezani, wakati wa kutia saini. Mkataba wa nchi mbili huandaliwa nakala mbili, na katika nakala ambayo nchi itaichukua, jina la nchi hiyo hutangulia na mwakilishi wake husaini katika nafasi ya heshima. Majalada yalifanana kwa kila kitu, nami nikayapanga kwa kubahatisha. Waziri mgeni akafungua lililokuwa mbele yake, akaona nchi yake imeandikwa ya pili, kalamu ikasimama hewani. Balozi wake aliinama akayabadilisha kimyakimya. Tangu siku hiyo natia utepe wa rangi tofauti katika kila jalada, na nyuma ya kila mtia saini husimama afisa wa upande wake wa kumfungulia kurasa.

Bendera na wimbo wa taifa viombwe ubalozini, na mtu wa ubalozi azikague bendera zikiwa zimekwisha kutundikwa. Mwaka 2010 mjini New York, katika mkutano wa Rais Barack Obama na viongozi wa nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, bendera ya Ufilipino iliwekwa juu chini, na kwa Wafilipino rangi nyekundu ikiwa juu maana yake ni vita. Mkalimani naye apewe hotuba mapema, na alishwe kabla ya dhifa, kwa kuwa mezani kazi yake ni kusema wakati wenzake wanatafuna.

Mgeni akishaagwa, kila mtu hutamani kwenda kulala, lakini msafara wa magari usitawanyike mpaka ndege iwe imepaa na kwenda zake. Niliwahi kuona ndege ikirudi kutoka njia ya kurukia kwa hitilafu ndogo, wakati chumba cha wageni mashuhuri kimekwisha kufungwa na mwenye ufunguo yuko ndani ya basi la kurudi mjini.