Ukikatwa NSSF haimaanishi imefika NSSF

Mi nilianza kuelewa haya mambo siku naenda kuomba taarifa ya michango yangu NSSF, ule mfuko wa pensheni, baada ya kuacha kazi kwenye kampuni moja hapa Dar, yani slipu zangu zote zinaonyesha nimekatwa ila kule kwenye taarifa kuna pengo la miezi 14, hamna kitu. Nilikasirika hatari.

Baadae maisha yakanipeleka upande wa pili, nikawa ndo naandaa mishahara kwenye karakana ya watu kama 40, ndo nikaona hilo pengo linavyozaliwa. Jumla ya mchango ni 20% ya mshahara na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya 10%, nyingine anatoa yeye, kwa hiyo wa laki sita unakatwa elfu 60 na bosi anaongeza elfu 60. Sasa mwisho wa mwezi hela ya akaunti haitoshi, bosi anasema "lipa neti kwanza, ya NSSF tutaangalia mwezi ujao", na kwa vile mfanyakazi anachotazama ni hela iliyoingia mkononi basi hakuna anayepiga kelele. Mwezi ujao na wenyewe una shida zake, na penati ya kuchelewesha inaanza kuhesabu.

Kwa hiyo vuta taarifa yako hata kila miezi mitatu, usingoje uache kazi. Pensheni ya kila mwezi inataka michango isiyopungua miezi 180, yani miaka 15, mtu mwenye 170 anapewa mkupuo wake basi, sa fikiria mimi na pengo langu la miezi 14. Angalia pia jina lifanane na la kitambulisho cha NIDA, na ukihamia kazi mpya usikubali kufunguliwa namba nyingine ya uanachama, peleka ileile, maana kuunganisha namba mbili ukiwa na miaka 58 ni safari.

Halafu WCF, mfuko wa fidia ya kuumia kazini, wengi hawaijui kabisa. Mwajiri analipa peke yake, 0.5% ya mishahara yote, ukiiona kwenye makato yako ujue umepigwa. Pale karakana kijana alikatwa kidole na grainda, bosi akataka ampe elfu 50 ya dawa yaishe. Nikamwambia bosi mchango si tunalipa kila mwezi, tunaulipia nini sasa? Tukatoa taarifa, matibabu yakalipiwa na kijana akapata fidia.

Na ile miezi yangu 14? Nilirudi NSSF na slipu, wakaguzi wao wakambana yule mwajiri akawa analipa kidogokidogo, ikarudi 12. Miwili iliyobaki sikuwa na ushahidi, zile slipu nilizitupa mwenyewe nilivyokuwa nahama chumba.