Jibu: Binti mwenye ualbino haoni ubaoni, nimpeleke bweni?
Pole dada wa Igoma. Umeuliza kama binti yako wa darasa la sita, mwenye ualbino, ahamie bweni kule Shule ya Msingi Mitindo, Misungwi, kwa kuwa mwalimu anasema ni mzito wa kuelewa. Mimi ningeanza na macho. Ualbino huja na uoni hafifu, na miwani peke yake mara nyingi haitoshi, kwa hiyo mpeleke kliniki ya macho ya Hospitali ya Bugando, uulizie pia lenzi ya kukuzia maandishi. Darasani akae mbele, mwanga wa dirisha usimpige usoni, na mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika. Kofia pana asivuliwe hata mstarini, tafadhali.

Na hili wazazi wengi hawaambiwi: NECTA, yaani Baraza la Mitihani, huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa na kuwaongezea muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 kwa masomo mengine. Mwalimu mkuu aitaje hali yake wakati wa usajili wa darasa la saba, msingoje wiki ya mtihani.

Bweni lifikirie kama usalama wake njiani unakutia shaka. Vinginevyo, mimi ningemwacha alale nyumbani.