Plagi mpya, lakini gari bado linamisi mlimani

Ndugu uliyeuliza kuhusu Toyota IST yako ya injini ya 1NZ, iliyofungwa plagi mpya wiki mbili zilizopita na sasa inamisi (silinda haziwaki sawasawa) kila inapopanda mlima, ninakushauri usinunue plagi nyingine wala koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) kabla hujazifungua zilizomo na kuziangalia kwa macho yako. Yaliyokukuta yalinikuta na mimi, na kosa lilikuwa kwenye ufungaji.

Toyota Allion yangu, yenye injini kama yako, ilifungwa plagi mpya kwenye gereji moja ya Dar es Salaam siku moja kabla ya safari ya Iringa. Hadi Mikumi gari lilikwenda vizuri kabisa, lakini tulipoanza kupanda mlima Kitonga likaanza kutetemeka, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzima. (Taa hiyo ikiwaka moja kwa moja unaweza kujikongoja hadi kwa fundi, ikipepesa, punguza mwendo papo hapo, maana petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi).) Mashine ya kusomea makosa ilitoa P0302, yaani silinda ya pili ndiyo inayomisi. Nilibadilisha nafasi za koili ya silinda ya pili na ya tatu, kosa likabaki palepale kwenye ya pili, hivyo koili ikawa haina hatia. Plagi ilipotoka, kwenye kauri yake nyeupe kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, ulioshuka kutoka juu hadi kwenye chuma, na kando yake ufa ambao niliuhisi kwa ukucha kabla sijauona. Aliyekaza alikuwa ameinamisha soketi. Barabara ikiwa tambarare cheche iliruka panapostahili, lakini mlimani, hewa na petroli vinaposhindiliwa zaidi ndani ya silinda, umeme huhitaji nguvu kubwa zaidi kuruka kwenye ncha, na ule wa kwangu ulikuwa umepata njia ya mkato.

Tangu siku hiyo plagi ninafunga mwenyewe, tena injini ikiwa imepoa kabisa, kwa kuwa hedi (sehemu ya juu ya injini ambamo plagi hufungwa) ni ya aluminiamu na nyuzi zake (mizunguko ya skrubu) huharibika kwa urahisi zikiwa za moto. Koili nne hutoka kwa spana namba 10. Kabla ya kufungua plagi, puliza mashimo kwa upepo, kwani mchanga ulioko humo utadondokea ndani ya silinda mara plagi itakapotoka. Kisha tumia soketi namba 16 yenye mpira ndani, na uisimamishe wima. Plagi iliyodondoka sakafuni usiifunge hata kama haina alama, kwa sababu ufa wa kauri huweza kuwa ndani.

Sehemu inayohitaji subira ni kuingiza. Racheti iweke pembeni kwanza. Shika soketi na kirefusho chake tu, na uzungushe kwa vidole mpaka plagi ikae. Ikigoma baada ya mzunguko mmoja, irudishe nyuma na uanze upya, maana hapo nyuzi hazijakutana, na ukilazimisha kwa racheti utazikata za hedi, ambazo kuzitengeneza ni gharama kubwa kuliko plagi zenyewe. Plagi mpya yenye washa (pete ya chuma shingoni mwake) ikishakaa kwa vidole, ikaze kati ya nusu mzunguko na theluthi mbili. Ile iliyokwisha kufungwa awali huhitaji kidogo sana, yapata sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko, kwa sababu washa yake imekwisha kubonyea. Mwenye spana ya kupimia mkazo aiweke kwenye Nm 18 kwa injini hii. Ikilegea, moto wa silinda huvuja pembeni na plagi hushindwa kupoa, kwani joto lake hutoka kupitia nyuzi na washa kwenda kwenye hedi.

Mafundi wengi hupaka grisi au oili kwenye nyuzi, na hapo ninatofautiana nao kabisa: plagi za siku hizi nyingi zimepakwa madini ya kuzuia kutu, na nyuzi zikiteleza utakaza kupita kiasi bila kujua.

Kuhusu nafasi ya cheche, yaani pengo ambalo cheche huruka kwenye ncha, namba 11 mwishoni mwa jina la plagi nyingi za NGK na Denso ina maana ya milimita 1.1. Pima kwa geji, lakini kama ni za iridiamu usiiguse ncha ya katikati, ambayo ni nyembamba na huvunjika upesi.

Unapozitoa zako, zipange kwa mfuatano wa silinda. Ncha ya kahawia hafifu ni ya afya, masizi makavu meusi ni dalili ya petroli kuzidi, na ukikuta oili juu kwenye kauri, sili za kava la vavu zimechoka na zibadilishwe kwanza, la sivyo oili itaharibu mipira ya koili. Kisha weka hapa picha ya kauri zote nne, ya kwanza ikiwa ile ya upande wa mkanda, nikuangalizie.